Koti Lililomwamkia Mama

1

Mama alipolivaa lile koti la buluu, koti likamwambia, "Shikamoo, mama."

Hapo hapo nikajua nimeshindwa. Nilikuwa nimemsimamisha mbele ya kioo dukani kwa Andongwisye kwa muda mrefu, nikimvisha hili na kumvua lile, na hoja zote nilizozipanga tangu natoka Mbeya zikaniishia mdomoni. Mama aligeuka akalitazama bega lake kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma, kisha akajibu kwa ile sauti anayowawekea watoto wenye adabu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mama. Hali yako?"

"Mimi sijambo kabisa!"

Akacheka mpaka akashika meza. Andongwisye, mwenye duka, aliyesoma darasa moja na mdogo wangu Gwamaka, akacheka naye. Gwamaka ndiye aliyecheka kuliko wote, maana safari ya Rungwe ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyemtia Mama kichaa cha kupanda mlima akiwa na miaka sitini na nane, na Mama hakuhitaji kusukumwa sana. Alisema ameuona mlima ule kila siku ya maisha yake akichuma chai, na hajawahi kujua una nini juu.

"Hilo ni koti la jamaa," alisema Andongwisye. "Upande ule ni makoti bubu."

Kwa kuzuia mvua hayakuzidiana. Andongwisye alichukua kikombe akayamwagia yote mawili, na maji yakateleza juu ya kitambaa yakadondoka sakafuni. Akatugeuzia ndani tuone mishono iliyobandikwa utepe, ili maji yasipenye kwenye matundu ya sindano. Akatuonyesha ile ngozi nyembamba ya katikati, yenye vitundu visivyopitisha tone la mvua lakini vinavyotoa mvuke wa jasho, kwa sababu mtu anayepanda mlima huanza kulowa kwa ndani. Kofia zilikuwa nzuri, zipu zilikuwa nzuri. Tofauti ilikuwa joto. Ukivaa koti bubu unapachika sweta chini yake, na kila mtu anabaki na baridi yake. Koti la jamaa lina nyuzi za joto kifuani na mgongoni, na makoti ya kundi moja hugawana chaji yakiwa karibu karibu. Anayesema ana hali mbaya huongezewa. Anayesema hajambo hupunguziwa ili mwenzake apate.

"Na linajuaje nani ana hali gani?" niliuliza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

"Linauliza, dada. Ukijibu limekuamini. Halikupimi mapigo, halikupimi joto. Sheria ndiyo hiyo, neno la mwenye mwili."

"Na likishauliza linaendelea kusikiliza?"

"Hapana. Linasikiliza jibu tu, basi. Usiogope, halitasikia umbea wenu."

Mimi sikuwa naogopa umbea. "Mama atachukua bubu," nilisema. "Na masweta mawili."

"Dada!" Gwamaka aliruka. "Mama umfunike mpira mtupu kama gunia la mkaa, sisi tupigwe joto? Ukimwona anatetemeka huko juu utampa nini?"

Sikuwa na la kumpa. Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba alisema kweli. Mama alikuwa ameshajifungia kola mpaka kidevuni.

"Hili limeniamkia," alisema. "Lile limenitazama tu. Mnataka nipande mlima na kitu kisicho na adabu?"

Nani aliwahi kubishana na Mama akashinda? Marehemu Baba alijaribu ndoa nzima. Tulitoka dukani na makoti matatu ya jamaa, yamesajiliwa majina yetu na sauti zetu, na Mama hakulivua lake mpaka tulipofika nyumbani, ingawa jua lilikuwa linawaka.

2

Tulipanda vizuri. Hakukuwa na haja ya mwongozaji, maana mikono ya makoti ilikuwa inatetema kidogo upande wa kufuata. Tulipita mashamba, tukaingia msituni, tukatokea kwenye mianzi. Kila baada ya kitambo makoti yalituuliza hali, moja baada ya jingine, na Mama alikuwa akingoja zamu yake kama mtu anayengoja kuitwa jina kwenye sherehe.

Watu wa mjini husema sheria ile ililetwa na wanasheria. Mimi nawaambia ililetwa na wachumaji chai, na mmoja wao alikuwa mbele yangu mlimani, amevaa viatu vya mpira. Zamani kiwanda kiliwagawia vizibao vilivyopima moyo, pumzi na jasho. Aliyechoka alijulikana kabla hajasema, na kesho yake aliambiwa akapumzike nyumbani moja kwa moja. Jirani yetu Bupe alijua ana mimba kwa kufukuzwa kazi. Kina mama wakavua vizibao wakavirundika getini, wakakaa juu yake, wakakataa kuondoka, na makelele yao yakafika mbali. Ndipo ikaandikwa kwamba hakuna mashine itakayosoma mwili wa mtu, na kwamba mtu akisema habari ya mwili wake, mashine imwamini.

"Mwili wangu nausemea mimi," Mama hupenda kusema, na nikiwa mtoto nilimwona mkubwa kuliko kiwanda.

Ila waliotengeneza makoti hawakulelewa kwetu. Kwetu mtu akiulizwa hali hujibu nzuri kwanza, ndipo aseme nyumba imeungua. Nzuri ni mlango tu, habari yenyewe iko ndani. Makoti yalikuwa yakiishia mlangoni.

Hilo nililiona kwa macho yangu tulipokaribia kilele, ukungu ulipoanza kushuka.

"Shikamoo, mama. Hali yako?"

"Marahaba, mwanangu. Sijambo, ila hivi vidole vimeanza kufa ganzi, na kifua..."

"Asante, mama. Nimefurahi kusikia hujambo."

Likanyamaza. Mama akabaki na kifua chake mdomoni. Gwamaka, aliyezoea maisha ya Dodoma na majibu ya mkato, alipoulizwa alisema, "Baridi!" na mara akaanza kujinyoosha kwa raha.

"Mama," nilimwambia, "usianze na sijambo. Anza na ubaya."

"Nianze na ubaya? Nimesalimiwa kwa heshima, nimrushie mtu magonjwa usoni?"

"Siyo mtu."

"Wewe umesalimiwa na mashine ngapi leo zilizokuita mama?"

Gwamaka akaangua kicheko. Nami nikacheka, nikaona nitamshughulikia tukirudi. Juu tulikaa kidogo, tukala mihogo ya kuchemsha, tukatazama ukungu mahali ambapo ungeonekana mji. Mama alisema kumbe hakuna kitu, ni ukungu mtupu, na alifurahi sana kulijua hilo.

3

Mvua ilitukuta tukishuka, mvua ya kwetu, ile isiyo na manyunyu ya kuomba radhi. Makoti yalifanya kazi yake, siwezi kuyasingizia. Hakuna tone lililotupenya. Lakini njia ikageuka mfereji, na kwenye mteremko wa mianzi Gwamaka akateleza, akaenda na matope, mguu wake mmoja ukabaki nyuma kati ya mashina mawili. Tulisikia mfupa. Mama alisikia kabla yangu, akapiga yowe kabla Gwamaka mwenyewe hajapiga.

Tulimtoa. Paja lilikuwa limepinda pasipo na kiungo. Tulimburuta mpaka chini ya jiwe lililoinama, Mama akashika mabega, mimi nikashika kiuno, Gwamaka akilia kama mtoto. Simu zetu zilikosa mtandao tangu msituni. Nikaliambia koti langu liite msaada. Kimya. Nikapiga kelele. Kimya. Makoti hayakuwa yakisikia mpaka yaulize, na ilitubidi tukae pale na mguu uliovunjika tukingoja kuulizwa hali. Sijui kama nitaweza kumweleza mtu jinsi kungoja kule kulivyokuwa.

Mwishowe likauliza. "Habari, Gwamaka. Hali yako?"

"Mbaya! Mbaya! Mguu umevunjika, nakufa!"

"Pole sana, Gwamaka. Msaada umeombwa. Ninakuongezea joto."

Sauti ya mtu ikatoka kwenye kola yake, mtu wa kituo cha uokoaji, mwanamke aliyechoka. Alisema mlima umeporomoka sehemu nyingi, vikosi vyake vimetawanyika, na makundi yanafikiwa kwa zamu, wenye hali mbaya kwanza. Tusiondoke tulipo. Akakata.

"Shikamoo, mama," likasema koti la Mama. "Mwenzako anahitaji joto. Hali yako?"

"Marahaba. Sijambo. Mpe, mpe haraka."

Mimi nami niliulizwa, nami nilisema nzuri. Ningesema nini? Mdogo wangu alikuwa amelala kwenye matope. Nyuzi mgongoni mwangu zikapoa, na baridi ikakaa palepale joto lilipokuwa. Tuliona uso wa Gwamaka ukirudiwa na rangi, tukafurahi.

Tulifurahi kwa muda mfupi. Saa ziliendelea kwenda na mvua ikiendelea, na kila zamu ilipofika Gwamaka alisema mbaya na sisi tukasema nzuri, na koti la Mama likazidi kuwa kitambaa tu. Nilimshika mikono. Kucha zilikuwa zimegeuka rangi. Meno yaligongana, halafu yakaacha kugongana, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

"Mama, ukiulizwa sema una hali mbaya. Neno moja tu."

"Nikisema, joto linatoka wapi?"

Nikamkazia kamba ya kofia.

"Nimekuuliza, Atupele."

"Kwangu. Mimi nasema nzuri, mimi ndiye wa kupunguziwa. Gwamaka anabaki na lake."

"Wewe umebakiwa na nini cha kupunguza? Gusa mgongo wako."

Hakikuwepo. Betri yangu ilikuwa imekwenda kwa Gwamaka karibu yote, na ningemdanganya Mama angejua. Joto lililobaki kwenye kundi letu lilikuwa limelala juu ya mwanawe.

"Likikosa kwako litaenda kuchukua kwake," alisema. "Basi usinifundishe maneno."

Koti likamuuliza. Nikawahi kabla hajafungua kinywa. "Ana hali mbaya! Anaganda! Mama yangu anaganda!"

"Samahani, Atupele," likasema, kwa upole uleule. "Neno ni la mwenye mwili. Shikamoo, mama. Hali yako?"

"Marahaba. Sijambo."

Nikalitukana lile koti tusi ambalo sijawahi kulitamka mbele ya Mama.

"Mdomo wako, Atupele," alisema.

Nilifungua zipu yangu nimkumbatie kifua kwa kifua. Mvua ikaingia, koti likajizima kulinda betri, na tukawa tumelowa mtu na mama yake. Nikafunga tena, likawaka. Nikamkumbatia juu ya makoti, lakini vitambaa vile vilivyotengenezwa visipitishe kitu vilikaa katikati yetu, na sikulisikia joto lake wala yeye langu. Nikafikiria kumvika la Gwamaka. Ningemvua vipi mtu aliyevunjika paja, na koti lenye jina lake lisingempasha mwingine. Yote hayo waliyafikiria ili wenye nguvu wasiwapore wanyonge mlimani. Walifikiria vizuri kabisa.

Gwamaka alikuwa akitutazama. Sikujua amesikia kiasi gani.

"Dada," aliita. "Mama ana nini?"

"Hana kitu," alijibu Mama, na neno lilimtoka limevutika, kama la mlevi.

Mdogo wangu ni mtu wa kulalamika, tangu utotoni. Akikatwa na jani la mgomba anataka nyumba nzima ije. Zamu yake ilipofika alikuwa amekunja uso kwa maumivu, mguu umevimba umejaa suruali. Akautazama mdomo wa Mama, kisha akanitazama mimi.

"Habari, Gwamaka. Hali yako?"

"Nzuri," alisema.

"Gwamaka!" Mama alijaribu kuinuka. "Mjinga wewe! Sema kweli!"

"Nzuri, Mama. Nimesema nzuri. Nimepoa."

Nilimpenda wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda. Nikamshika kichwa nikambusu nywele zenye matope. Yeye nzuri, Mama sijambo, mimi nzuri. Kila mtu alikuwa amempa mwenzake alichonacho, na kwa kuwa hakuna aliyeomba, hakikwenda kwa yeyote.

Ndipo makoti yote matatu yakasema kwa pamoja, kwa furaha.

"Hongereni. Kundi zima liko salama. Ombi la msaada limefutwa."

4

Gwamaka akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kilio.

"Sikujua, dada. Haki ya Mungu sikujua kama watafuta."

"Ukiulizwa tena sema mbaya," nilimwambia. "Unasikia? Piga kelele kama mwanzo. Wewe piga kelele tu."

"Nitasema."

"Usilale."

"Silali."

Lakini joto lake lilikuwa limepungua, na maumivu yalikuwa yamemchosha, na koti haliharakishwi. Nilimpiga makofi. Nilimwimbia nyimbo za shule. Nilimwita kwa majina ya utani aliyokuwa akiyachukia, na mara mbili alifungua macho akatabasamu. Koti lilipouliza alikuwa hayupo nasi.

"Habari, Gwamaka. Hali yako?"

Pumzi zilikuwa zinatoka, nilikuwa nazisikia. Nilimtikisa mpaka shingo ikayumba.

"Gwamaka hajajibu. Tunaheshimu neno lake la mwisho. Gwamaka yuko salama."

Nikamgeukia Mama. Nikapiga magoti kwenye matope, nikamshika uso kwa mikono miwili, kitu ambacho mtoto hamfanyii mzazi.

"Mama, nisikilize. Gwamaka amezimia. Hakuna anayekuja. Ukisema mbaya, watakuja. Siyo kwa ajili yako. Sema kwa ajili yake."

Aliniangalia. Sijui alikuwa ananiona mimi au mtu mwingine. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

"Watakuja," alirudia.

"Ndiyo, Mama. Neno moja. Sema mbaya."

"Mbaya," alinong'ona.

"Hivyo hivyo! Shikilia hilo, usiliachie. Mbaya."

"Mbaya."

Tulilirudia pamoja, kama namfundisha mtoto kusoma. Mbaya. Mbaya. Mvua ilipiga juu ya jiwe na juu ya kofia zetu. Mbaya, Mama. Nilianza kuamini. Nikamwekea kola sawa ili sauti yake isipotee.

"Shikamoo, mama," likasema koti. "Hali yako?"

Nikamwona akijikusanya. Kwa nguvu aliyokuwa nayo aliinua kidevu, macho yakapata uhai, na uso ukajaa heshima ya mtu aliyeamkiwa.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Sijambo."

"Asante, mama. Nimefurahi kusikia hujambo."

Nililia. Sina haja ya kulipamba, nililia kwa sauti, nikamlilia Mama ambaye alikuwa palepale mikononi mwangu. Hakuwa mkaidi tena, hilo lilikuwa limemtoka. Neno ndilo lililobaki, limezama ndani yake kuliko mbaya yoyote niliyoweza kumtia.

Nikabaki mimi. Nilijua koti langu linakuja, na nilijua hesabu yake. Nikisema nzuri, kundi zima liko salama na hakuna mtu duniani anayetutafuta. Nikisema mbaya, ombi litafunguliwa, na nitaongezewa joto mimi, mtu mwenye miguu mizima, na joto hilo halina pengine pa kutoka ila kwa hawa wawili waliosema ni wazima. Sikuwa na namna ya kuomba msaada bila kuomba joto. Hawakuvitenganisha. Aliyevibuni hakuwaza kwamba mtu anaweza kutaka kimoja na kukihofu kingine.

Nilitafuta neno la tatu. Nawaapia nilitafuta. Nzuri ila mbaya. Mbaya ila niacheni. Koti lingesimama mlangoni, kama lilivyosimama siku nzima.

"Habari, Atupele. Hali yako?"

Nilimtazama Gwamaka, nikamtazama Mama. Mama alikuwa amefumba macho.

"Mbaya," nilisema.

"Pole sana, Atupele. Msaada umeombwa. Mko mwisho wa foleni. Ninakuongezea joto."

"Sitaki joto! Nataka watu!"

Lilikuwa limeshaacha kusikiliza. Mama alifumbua macho kidogo.

"Umesema vizuri," aliniambia. "Mtoto akisikia baridi aseme."

Joto likaanza kunijia, kwanza kiunoni, halafu likapanda mgongoni taratibu mpaka mabegani. Nilijikunja kulikimbia na hapakuwa na pa kwenda, lilikuwa ndani ya nguo yangu. Nilimkumbatia Mama kwa nguvu zangu zote, nikimbana kifuani, na hakuna hata kidogo kilichopita kwenda kwake. Mwili wangu, ambao nausemea mimi, haukuniuliza. Vidole vyangu vilianza kuwasha kwa uhai, mabega yakalegea, na kinywa changu kikatoa pumzi ndefu ya raha.

Mama aliisikia. Akatabasamu, akaniwekea mkono wake shavuni, na ulikuwa wa baridi kama maji ya mtungi.